Spika Mbili za Mkasi

Jina la Mkasi alipewa kazini, nalo likamganda mpaka hata mumewe akawa anamwita hivyo mbele ya wageni. Mafundi wengine wa cherehani huchora kitambaa kwa chaki mpaka kikafanana na ramani. Yeye alikikunja, akapitisha ukucha juu ya mkunjo, kisha akakata kwa kufuata alama ambayo mtu mwingine asingeiona hata akiazima miwani. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mwembamba, si mtu wa maneno mengi.

Sifa zake zilitokana na kola. Kola za mashati ya shule, hasa ya kitambaa cha bei nafuu, zikifuliwa mara mbili tatu huinua ncha juu kama masikio ya mbuzi aliyeshtuka. Za Mkasi zililala. Siri ilikuwa kwenye kipande cha chini. Alikikata mshazari, na kukipunguza upana wa nyuzi mbili kuliko kile cha juu, ili kiivute kola ibaki chini. Ilimchukua miaka minne ya kuharibu vitambaa kabla hajaipata.

Mtu mmoja tu aliambiwa siri hiyo, naye ni Madoido. Walishona chumba kimoja kando ya barabara kwa miaka kumi na miwili, cherehani zao zikitazamana. Mkasi alikata, Madoido aliongea na wateja, na kila mmoja aliona mwenzake ndiye mwenye kazi ngumu. Walizikiana wazazi, waliuguzana, na Madoido alikuwa na kikombe chake maalumu kwenye kabati la Mkasi.

Sasa Madoido alikuwa amepata duka kubwa la vioo viwili kwenye mtaa wa maduka, pamoja na zabuni ya sare za shule tatu. "Duka letu, shoga yangu," ndivyo alivyoliita siku zote. Walikubaliana kwamba Jumatatu chumba cha zamani kingerudishwa kwa mwenyewe. Mkasi angehamia dukani na cherehani yake, pamoja na furushi la karatasi za kukatia, kazi ya maisha yake yote, kila shule na kila umri umeandikwa pembeni kwa penseli. Hapakuwa na makubaliano yoyote ya maandishi. Mkasi alikuwa na neno la shoga yake, na lilimtosha.

Wiki sita kabla ya Jumatatu hiyo, watu wa televisheni walikuja kumhoji Madoido kwa kipindi cha wanawake wanaojitegemea. Mkasi hakwenda, maana alikuwa na mashati arobaini ya kumaliza. Siku ya kurushwa, majirani sita walijazana sebuleni kwake, na Madoido mwenyewe akaja amevaa gauni lenye mabega yaliyosimama kama paa.

"Nyamazeni, nyamazeni, naanza hapo!" alisema, na kuanzia hapo yeye peke yake ndiye ambaye hakunyamaza.

Televisheni ile ilikuwa mpya, pana na nyembamba kama trei. Kwenye picha yake ungeweza kuhesabu kope za mtu. Lakini sauti ilitoka kama mtu anayezungumza ndani ya debe lililofunikwa blanketi. Wakiiongeza, ilikwaruza, wakiipunguza, ilipotea. Madoido alisimama kando ya kioo kama mwalimu kando ya ubao, akawafafanulia.

"Hapo nasema tulivyoanza na cherehani mbili. Hapo sasa! Hapo nakutaja, shoga! Hamuoni mdomo unavyocheza? Mkasi huyo!"

Wanawake wakapiga makofi. Mkasi aliinama, akajifanya anatafuta sindano iliyoanguka, kumbe anafuta machozi.

Mumewe hakuwapo. Alikuwa kinyozi, na alikiona kipindi hicho kibandani kwake pamoja na wateja. Aliporudi alikula kimya, na yeye si mtu wa kula kimya.

"Alisema nini hasa kuhusu mimi?" Mkasi alimuuliza.

"Amekusifu."

"Kwa maneno gani?"

"Mke wangu, nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi. Nikariri maneno au nimkate mtu sikio?"

Akacheka, naye akacheka. Lakini swali lilimkaa. Alitaka kuyasikia maneno yenyewe, kama mtu aliyeambiwa ameandikiwa barua nzuri lakini haonyeshwi barua. Akamuuliza binti yake, aliyekuwa na miaka ishirini na mbili na ambaye kwenye duka jipya angekaa kaunta.

"Mama, si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, lakini sikusikia vizuri."

"Basi ni masikio," binti alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Siku hizi tunakuita mara tatu."

Mumewe akaunga mkono. Masikio. Umri huo, na miaka yote ya kelele za cherehani, lazima yachoke. Tangu siku hiyo neno likawa wimbo wa nyumba. Akiuliza mtangazaji amesema nini, masikio. Akisema sauti ya televisheni ni mbovu, masikio. Mkasi hakubisha. Aliposhona sebuleni aliipa televisheni mgongo ili apate mwanga wa dirisha, na zamani, enzi za ile televisheni ya zamani yenye kisogo, alifuata tamthilia nzima kwa masikio tu bila kugeuka. Sasa hakuambulia kitu. Alianza kuamini kwamba sehemu moja ya mwili wake imeaga.

Siku moja akiwa chumbani kazini, peke yake, sindano ya cherehani ilimponyoka ikaangukia sakafu ya saruji. Aliisikia ilipogonga, akasikia ilivyoruka mara mbili, akajua imeishia chini ya kabati. Aliinama na kuikuta palepale. Masikio yaliyoisikia sindano yanashindwaje na mtangazaji?

Jioni hiyo alipita kwa Fundi Waya.

Fundi Waya alikuwa mtengenezaji wa redio, mtu mzima mwenye kitambi na mdomo usiopumzika. Alimsikiliza, akacheka mpaka kiti kikalia.

"Masikio gani, dada? Televisheni hizi zimebanwa kama biskuti. Spika zake ndogo kama vifungo vya shati, na wamezifunga mgongoni. Zinaongea na ukuta! Wewe unasikia kinachorudi kutoka ukutani."

"Na dawa yake?"

"Matajiri wananunua ule mhimili mrefu wa spika unaokaa chini ya kioo. Sisi wengine tunatumia akili. Una ile redio kubwa ya kaseti bado?"

"Kaseti haizunguki."

"Kaseti ya nini? Tunataka nguvu yake tu. Nyuma ina matundu mawili, jekundu na jeupe. Unachukua waya, kichwa kimoja unachomeka kwenye tundu la vipokea sauti vya masikioni la televisheni, vichwa viwili unachomeka kwenye redio. Redio inaisemea televisheni. Kazi imekwisha. Bado spika tu, maana zile za redio yako najua panya walishapitia."

"Mume wangu ana spika ya pili kibandani, iko juu ya kabati. Nilimwomba juzi tuijaribu kwenye televisheni, akasema imepasuka."

"Imepasuka?" Fundi Waya alikuna kidevu. "Mbona juzi nilikwenda kunyoa, ilikuwa inatupigia muziki mpaka wembe unacheza?"

Mkasi aliwaza kwamba vinyozi ni wachoyo na spika zao kama wapishi na visu vyao, akaliacha likapita.

Fundi alimtolea maboksi mawili ya mbao kutoka kwenye lundo lake la vitu vibovu, kwa bei ya pea ya soli za viatu. Moja lilikuwa zima. La pili, ukingo laini unaoshikilia karatasi ya spika ulikuwa umeoza, ukiugusa unamong'onyoka kama keki kavu.

"Huo ukingo hauuzwi siku hizi," Fundi alisema. "Wengine wanabandika karatasi, inakoroma."

Mkasi alizungusha kidole pembeni ya spika. "Kinachotakiwa ni kitu kinachonyumbuka pande zote sawa?"

"Hasa."

"Basi hiyo ni kazi yangu."

Alizipeleka nyumbani ndani ya mfuko wa vitambaa. Kwa siku tatu, baada ya kazi, alizihangaikia. Alikata pete ya kitambaa chepesi, mshazari, ili inyumbuke, akaibandika kwa gundi nyembamba, akaipaka tabaka la pili ilipokauka. Ndani ya maboksi alijaza pamba na vipande vya vitambaa, si vya kubana, ili sauti isigonge mbao na kurudi. Chini ya kila boksi alibandika vipande vinne vya ndala kuukuu ili meza isitetemeke. Mumewe alipita, akatazama, akapita tena.

"Unajisumbua bure," alisema. "Tukihamia duka jipya utanunua mpya."

"Sijisumbui. Nafurahi."

"Kama shida ni masikio, hata uweke spika za uwanja wa mpira..."

"Basi yatakuwa ni masikio. Lakini nijue."

Kinyozi alitoka nje.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Mkasi aliweka spika juu ya stuli mbili, moja kila upande wa televisheni, usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, akazigeuza kidogo zitazame kiti chake cha cherehani. Hakuzisukuma kwenye kona, maana Fundi alimwonya kwamba kona hufanya kila mtu aongee kama mlevi pipani. Akachomeka waya. Akawasha.

Sauti ilitoka, kubwa, lakini ya ajabu. Muziki ulijaa chumba wakati mtangazaji mwenyewe hukujua amesimama wapi. Sauti yake ilielea pande zote na tumbo la maneno halikuwapo. Ni masikio kweli, alijisemea. Akampigia Fundi Waya.

"Dada, nyuma ya spika kuna nyaya mbili, nyekundu na nyeusi," Fundi alisema. "Umezifunga sawasawa pande zote?"

Mkasi aliangalia. Upande wa kulia alikuwa amezibadilisha.

"Ndiyo hiyo! Moja inasukuma, mwenzake anavuta. Zinauana. Geuza."

Akageuza. Mtangazaji akaja akasimama katikati ya kioo, kana kwamba amevuta kiti na kuketi. Mkasi alisikia midomo yake ikigusana kati ya neno na neno. Alisikia karatasi ikifunuliwa mezani huko studio. Akaigeuzia televisheni mgongo, akaketi kwenye cherehani, akaanza kupindisha mkono wa shati, na kila neno likamjia begani bila kulitafuta. Masikio yalikuwa mazima. Alitabasamu peke yake kama mtoto aliyepata kiatu kipya.

Saa tisa kituo kile kilianza kurudia vipindi vyake vya mwezi. Mkasi alitambua muziki wa mwanzo kabla hajageuka. Binti aliyekuwa akipiga pasi upande wa pili aliutambua pia. Aliiacha pasi, akaja mbio kuchukua rimoti.

"Mama, tuhamie ile ya pili, kuna filamu."

"Acha."

"Lakini hiki ulishakiona."

"Nilikiona, sikukisikia. Weka chini."

Kinyozi, aliyekuwa amerudi kupumzika kidogo kabla ya wateja wa jioni, alitokea mlangoni na taulo begani. Mkasi alimwona akitazamana na binti. Bado hakuelewa. Alidhani wanashangaa sauti.

Madoido alicheka ndani ya spika zote mbili, kicheko kile kile cha miaka kumi na miwili.

"Na kola hii wazazi wanayoisifu," mtangazaji aliuliza, "uliipataje?"

"Ilinijia ndotoni, dada yangu. Niliamka nikakata palepale."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Baadaye nikamchukua mama mmoja wa kunishonea vifungo. Mtu mzima, macho yamechoka, lakini nilimwonea huruma. Ningemwacha wapi?"

"Na kwenye duka jipya?"

"Pale nitaweka vijana. Yeye sasa apumzike."

Hapo ndipo, kwenye kioo, mdomo wa Madoido ulipocheza vile alivyowaonyesha majirani. Hapo ndipo walipopiga makofi.

Mkasi hakusogea. Mguu wake ulikuwa bado juu ya pedali. Alisubiri kipindi kiishe, akasikiliza hata majina ya wapiga picha, kisha akaizima televisheni.

"Mlijua," alisema.

Binti alirudi akaichomoa pasi.

"Sijauliza. Nasema mlijua."

"Mimi nilitaka kukwambia," binti alisema, machozi yakimlengalenga. "Baba akasema tusubiri uhame kwanza."

"Ningehamia wapi? Amesema nipumzike."

"Alikuja kibandani," kinyozi alisema, akiitazama taulo yake. "Siku ya pili yake. Akasema ni maneno ya televisheni tu, watu wanapenda hadithi ya mtu mmoja. Akasema atakutafutia nafasi taratibu. Na binti ameshaahidiwa kaunta, mshahara wa kila mwezi. Ningekwambia, ungegoma, na zile karatasi zako usingetoa. Mtoto angekosa."

"Kwa hiyo karatasi alizitaja."

"Alizitaja."

"Na masikio? Masikio nayo alikuambia yeye?"

Kinyozi aliikunja taulo mara mbili. Binti ndiye aliyelianza, lakini kulishikilia kulikuwa kwake mwenyewe.

Mkasi aliweza kulimeza la Madoido, kwa shida, kama mtu anavyomeza donge kubwa kwa maji. Mfanyabiashara kamvika kilemba cha ukoka. Wamekwisha kufanyiwa wengine. La masikio halikupita kooni. Mwezi mzima alikuwa ameogopa mwili wake mwenyewe. Alikuwa ameacha kuongea na wateja wapya asije akasikia vipimo visivyo. Na mtu wa kumwingizia woga huo alikuwa anaketi naye meza moja, anampitishia chumvi.

"Spika ya kibandani haikupasuka," alisema.

"Haikupasuka."

Jumapili alasiri Madoido alifika na mfuko mkubwa wa turubai. Hakugonga, hakuwahi kugonga. Alikwenda moja kwa moja kabatini akachukua kikombe chake, akajimiminia chai.

"Shoga yangu, kesho ni kesho! Nimepitia karatasi nizitangulize dukani, nisikuchoshe na mizigo."

"Ni vifungo vingapi nilivyokushonea?" Mkasi aliuliza.

"Vifungo?"

"Kwa miaka yote hii. Nadhani ni vingi."

Kikombe kilisimama njiani. "Nani kakwambia?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Jana saa tisa. Ulisikika vizuri sana."

Madoido aligeuka, akaziona zile stuli mbili na maboksi juu yake. Alizitazama jinsi mtu anavyomtazama mbwa ambaye hakujua yupo uani. Kisha akacheka, akaketi, akamshika Mkasi goti.

"Yale maneno ya televisheni unayachukulia kweli? Wale wanakuambia sema hivi, na wewe unasema. Mimi na wewe ni damu."

"Wale walikuambia useme uliota?"

"Mkasi!"

"Chumba sirudishi. Nimeshaongea na mwenyewe asubuhi. Na karatasi hazitoki."

Mkono ulitoka gotini. Sauti ya Madoido ikabadilika, ikawa ile anayoitumia kwa wateja wanaochelewa. "Mimi kola ile naijua hata bila karatasi zako. Mshazari, nyuzi mbili. Ulinifundisha mwenyewe."

Mkasi aliinuka. Alivuta kipande cha kitambaa cheupe kutoka kapuni, akakitandaza juu ya meza, akaweka mkasi wake mkubwa juu yake, mpini ukimwelekea mgeni.

"Kata moja."

Madoido alikitazama kitambaa. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameshona, ameuza, amepima mabega ya watoto wa watu, lakini kukata hakuwahi kukata hata mara moja mbele ya Mkasi, wala Mkasi hakuwahi kumwomba. Aliugusa mpini kwa kidole.

"Una chaki?"

"Sina."

Walitazamana. Kwa sekunde moja Mkasi alidhani mwenzake angelia, na akajua kwamba akilia atamsamehe yote. Lakini Madoido alikunja mfuko wake mtupu, akauweka kwapani.

"Mjini kuna wakataji wengi," alisema.

"Wapo."

"Na binti yako asije. Kaunta nitaweka mwingine."

Aliondoka na mlango ukabaki wazi. Kikombe chake kilibaki mezani na chai nusu. Mkasi aliimwaga chai, akakiosha kikombe, akakikausha, halafu hakujua akiweke wapi. Mwishowe akakitia ndani ya kikapu cha vibanio na sindano kuukuu, akaketi kwenye cherehani.

Aliwasha televisheni, sauti ndogo tu. Mtu fulani alikuwa akisoma habari za hali ya hewa, kila neno limenyooka. Nyuma ya sauti hiyo, kutoka jikoni, alimsikia mumewe akimnong'oneza binti.

"Mwambie mama yako chai iko tayari."

"Mwambie wewe, baba."

"Nenda wewe. Mimi hanisikii."

Kijiko kiligonga kikombe. Mkasi alipitisha ukucha kwenye mkunjo wa kola, akaubana, akasubiri mumewe aje mwenyewe.